Risala ya Wauguzi na Wakunga wa Hospitali ya Wilaya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na Mgeni Rasmi wa siku ya leo,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Mganga Mkuu wa Wilaya na Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu,
Wazee wetu, wauguzi wastaafu,
Viongozi wa dini, wauguzi na wakunga wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana tena. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Wenzetu walio zamu saa hii hawapo uwanjani. Wamebaki wodini ili sisi tupate nafasi ya kuja. Tuliwasomea rasimu ya risala hii wakati wa kukabidhiana zamu, wakairekebisha, na baadhi ya maneno utakayoyasikia ni yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka iliyopita risala zetu zilibeba orodha ndefu: majengo, sare, nyumba za watumishi, malimbikizo ya stahiki. Baadhi yametekelezwa, na tunashukuru kwa dhati. Mwaka huu tumeamua kukuletea jambo moja tu, ambalo halionekani katika taarifa ya robo mwaka wala halina fungu katika bajeti. Ni uchovu wa mtumishi. Uchovu ule ambao mtu analala siku nzima ya mapumziko yake, akaamka nao.

Tuna mwenzetu, mkunga wa miaka mingi, ambaye akina mama walikuwa wakifika leba wanamwulizia kwa jina. Kwa idhini yake tunasimulia habari zake. Mwaka ule watumishi walipungua, rosta, yaani ratiba ya zamu, ikawa inabadilika kila wiki, na yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukataa, ndiye aliyekuwa akipigiwa simu kila pengo lilipotokea. Usiku mmoja alimpoteza mama kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Alimfunika, akaandika taarifa, akazungumza na ndugu, kisha akanawa mikono na kumpokea mama mwingine aliyekuwa akisubiri mlangoni. Kesho yake alirudi zamu kama kawaida. Hakuna aliyemketisha kumwuliza anaendeleaje, sisi wenzake tukiwa wa kwanza katika hao ambao hawakumwuliza.

Baada ya hapo alianza kuwa mkimya. Akaacha kusalimia. Siku moja alimjibu mama aliyekuwa katika uchungu kwa ukali ambao hatukuwahi kuusikia kinywani mwake. Mama yule alilalamika, na alikuwa na haki kamili ya kulalamika. Mwenzetu akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Alikaa na karatasi tupu kwa siku mbili, akaja kutuuliza aandike nini, nasi hatukujua. Mwishowe aliomba kuhamishwa, na leo yuko masjala anapanga mafaili, ilhali katika leba yetu hakuna aliyefikia ujuzi wake wa kumtoa mtoto aliyetanguliza makalio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumesimulia hayo kwa sababu yanalingana hatua kwa hatua na maelezo ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, shirika hilo linataja dalili tatu za uchovu huu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Lakini lililotugusa zaidi ni kwamba shirika hilo halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Limeueleza kuwa ni hali itokanayo na kazi, inayosababishwa na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Kwa maana hiyo, anayemtazama mkunga yule na kuuliza ana kasoro gani, anauliza swali lisilo lake. Swali la kuuliza ni kazi yake ilikuwa imepangwaje.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu kila tunapochoka tunaambiwa kwamba uuguzi ni wito. Nasi tunaamini kuwa ni wito. Tulikula kiapo tukiwa tumeshika mishumaa, na hakuna hata mmoja wetu anayetaka kukirudisha. Hata hivyo neno hilo limetumika mara nyingi kumfunga mdomo mtu aliyekuwa akiomba siku moja ya kupumzika.

Leo ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820, na kila mwaka tunaitaja taa aliyowapitia nayo majeruhi wa Vita vya Krimea usiku. Ni nadra kutaja kwamba alirudi Uingereza mwaka 1856 akiwa mgonjwa, na kwamba kwa miaka mingi baadaye alifanya kazi zake akiwa kitandani. Tena alipotaka kuwaokoa askari, hakuishia kuwahimiza wavumilie. Alikusanya takwimu akaionyesha serikali yake kwamba askari waliouawa na maradhi ya kuzuilika walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha, akadai hospitali zisafishwe na taratibu zibadilishwe. Tunaomba tumuenzi kwa upande huo pia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nchi yetu ya Tanzania haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kipindi cha wiki 4. Imempa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Sasa tazama inavyokuwa wodini. Muuguzi wa zamu ya jioni anatakiwa kutoka saa 2 usiku, lakini anayempokea amechelewa usafiri, kwa hiyo anatoka saa 3. Rosta inamtaka arudi saa 1 na nusu asubuhi. Hapo amepata saa 10 na nusu, na ndani ya hizo kuna kutafuta bodaboda, kuna chakula cha watoto, kuna kufua sare. Akifanya hivyo mara moja, hakuna neno. Akifanya hivyo mwezi mzima, anapima dawa ya sindano huku macho yanafumba.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 zaidi, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Sisi tunaopima presha za wananchi kila asubuhi, wengi wetu hatujui presha zetu.

Tunatambua kwamba kiini cha mengi haya ni ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Watumishi hawatoshi, na kibali cha ajira hakitoki wilayani. Tunakuomba uendelee kutusemea ngazi za juu. Lakini tusingependa ikama iwe jibu la kila kitu, kwa sababu yapo yanayowezekana kwa watumishi hawa hawa tulionao, kuanzia mwezi ujao.

La kwanza kwetu, na ndilo tunaloliwekea mkazo, ni rosta. Tunaomba rosta ya mwezi itolewe siku 14 kabla ya mwezi kuanza, na ikishabandikwa isibadilishwe kwa simu ya usiku ila kwa dharura iliyoandikwa katika kitabu cha zamu. Anayemaliza zamu za usiku mfululizo apewe siku zake za kulala, ambazo wenyewe tunaziita ofu, bila kuitwa katikati kuja kujaza fomu au kuhudhuria kikao. Hata bonanza la watumishi, ambalo tunalipenda na kulishukuru, lisimhusu mtu aliyetoka wodini asubuhi ile ile. Muuguzi anayejua wiki mbili mapema kwamba Jumamosi yake ni yake, anaweza kwenda kumwona mama yake kijijini au kukaa na mwanawe anayejiandaa kwa mtihani. Kwa jambo hilo haihitajiki shilingi yoyote ya halmashauri.

Pili, tunaomba uwekwe utaratibu wa kumketisha mtumishi baada ya kifo cha mama, cha mtoto mchanga, au tukio lolote zito. Tunavyo vikao vya kupitia vifo, na vina manufaa makubwa, ila vinapitia patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu wa mama, na dawa zilizotolewa. Tunaomba kikao kingine kifupi, ndani ya siku tatu, kisicho na kalamu wala mashtaka, cha waliokuwa zamu pamoja na mtu mmoja aliyefundishwa kusikiliza. Idara yetu ya ustawi wa jamii ina watu wenye mafunzo hayo, na tumezungumza nao, wako tayari. Kule kwetu msiba haumwachi mtu peke yake, majirani hulala matangani hata siku tatu, lakini mkunga aliyefiwa na mgonjwa mikononi mwake hurudi nyumbani akiwa peke yake na habari hiyo, maana hata kiapo kinamzuia kuisimulia.

Tatu, likizo ichukuliwe. Wapo kati yetu ambao mwaka unakwisha hawajaigusa, kwa kuwa hakuna wa kuwashikia nafasi. Tunaomba Katibu wa Afya aandae ratiba ya likizo ya mwaka mzima na ijadiliwe katika baraza la wafanyakazi. Chumba cha kupumzikia chenye mlango unaofungika na maji ya kunywa kitatosha kwa kuanzia. Tumependekeza stoo ya zamani iliyo nyuma ya wodi ya watoto.

Kwa upande wetu, Mheshimiwa, tunaahidi kuacha desturi ya kumcheka anayesema amechoka, na viongozi wa wodi wameahidi kwamba kabla ya kumwandikia mtu barua ya kujieleza wataifungua kwanza rosta yake ya miezi mitatu.

Pamoja na risala hii tumeambatisha rasimu ya rosta ya mwezi Juni ya wodi ya wazazi, tuliyoipanga wenyewe kwa kufuata saa za sheria, kwa idadi ile ile ya watumishi waliopo leo. Ina mapengo mawili ambayo tumeshindwa kuyaziba, na tumeyazungushia wino mwekundu ili Mganga Mfawidhi ayaone. Tunakuomba uikabidhi kwake mbele yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.