Shangazi, lile la kituo cha basi tusiliache lipite

Shikamoo shangazi,

Najua utasomewa barua hii na mmoja wa wajukuu. Naiweka hadharani, bila jina lako, kwa sababu si wewe peke yako uliyevutwa mtandio hapa Uingereza ukaambiwa rudi kwenu. Kina mama wengi tunaosali nao wana yao ya kusimulia. Wakishasimulia hupeana pole, kila mmoja akaenda zake, na aliyewafanyia anabaki palepale akimsubiri mwingine.

Uliniambia umemwachia Mungu. Dua tuiombe, shangazi, na polisi nao tuwaambie.

Ulisema huna ushahidi kwamba alikufanyia vile kwa ajili ya dini yako au rangi yako. Huku hudaiwi ushahidi huo ndipo usikilizwe. Tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu akisubiri basi Eltham, London. Kundi la vijana wa kizungu ndilo lililomvamia. Polisi waliivuruga kesi tangu mwanzo, na wazazi wake wakapigania haki miaka na miaka. Wauaji wawili walihukumiwa mwaka 2012 tu. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson, iliyotoka Februari 1999, ilitaka tukio lihesabiwe kuwa la ubaguzi wa rangi iwapo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, ameliona hivyo. Tangu hapo ndivyo polisi wa England na Wales wanavyopaswa kuyapokea malalamiko kama yako, na msingi huohuo unatumika kwa chuki ya dini na hata ya ulemavu. Kuthibitisha ni kazi ya wapelelezi na mahakama. Kazi yako ni kueleza.

Ukauliza pia, kuvutwa mtandio nako ni kesi? Ni kesi. Kumshika mtu kwa nguvu bila ridhaa yake ni shambulio hata kama hakutoka damu. Adhabu ya juu ya shambulio la kawaida ni kifungo cha miezi 6, lakini likitendwa kwa chuki ya rangi au dini, sheria ya mwaka 1998 inaruhusu hadi miaka 2. Nchi hii imeliona jambo hili kuwa zito. Kwa nini sisi tuliopigwa ndio tulifanye jepesi?

Ninajua hofu ya kituo cha polisi umetoka nayo nyumbani, ambako mlalamikaji huweza kutoka ameonekana yeye ndiye mkosaji. Wewe ni raia hapa, una makaratasi yako yote. Kwa ndugu zetu ambao makaratasi yao hayajakamilika sitasema waende tu, maana polisi wanaweza kupeleka taarifa zao uhamiaji. Hao waanze kwa mwanasheria, au wapige Crimestoppers, shirika la kujitegemea linalopokea taarifa za uhalifu, 0800 555 111, ambako huulizwi jina.

Sisi tutapiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, maana hatari imeshapita. Ingekuwa mtu bado yuko mbele yako, ni 999 papo hapo. Omba mkalimani wa Kiswahili, hulipii. Sema waziwazi kwamba unaamini ulifanyiwa kwa sababu ya dini na rangi yako, na uombe iandikwe hivyo, kisha udai namba ya kumbukumbu, kama ile RB ya kwetu. Tusichelewe, kwa kuwa picha za kamera za basi hazihifadhiwi milele. Mtandio ulioraruka usiufue wala usiutupe. Na yule binti aliyekuokotea mfuko, kama unamfahamu, anaweza naye kutoa taarifa kwa alichokiona.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hizi unatembea hadi kituo cha basi cha mbele, na goti lako hilo. Agosti 2024, baada ya msikiti wa Southport kushambuliwa kwa uvumi wa uongo wa mitandaoni, ulijifungia ndani na sikukulaumu, sote tuliogopa. Sasa mtu mmoja amekuhamisha njia yako ya kila siku, na kwa kuwa hakuna aliyeripoti, kwenye vitabu vya polisi mtaa wetu umetulia. Hakuna askari atakayepita pale wala kamera itakayoongezwa kwa ajili ya jambo ambalo halijaandikwa.

Kesho jioni nitakuja tupige simu pamoja. Kabla sijafika, mjukuu akuandikie saa yenyewe, namba ya basi, mavazi ya yule mtu, na maneno aliyoyasema. Ayaandike kama yalivyo, hata yale unayoona haya kuyatamka. Hayo nitayasoma mimi.