Barua kwa Zuhura: usiikatae kazi ya kesi za nishati

South B,
Nairobi.

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salim na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na baridi ya Julai imeanza kupungua.

Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniambia ofisi ya mawakili ya hapa Upper Hill imekuita uje ushike kesi zao za nishati, nawe unataka kukataa kwa kuwa stima huijui, wewe ni mtu wa mashamba na hatimiliki. Nakusihi usikatae kwa sababu hiyo. Kama una sababu nyingine, ya nyumba au ya watoto, hiyo sitaigusa. Lakini hii uliyoniandikia haina nguvu, na nitakueleza kwa nini.

Mimi niliingia kazi hii nikidhani nitashinda nikisoma mitambo na bei za umeme. Nilichokikuta faili baada ya faili ni ardhi. Chukua mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Kule Loiyangalani, Marsabit, yamesimama mapangaboi 365, ya kuzalisha megawati 310, na kwa muda mrefu yalisimama bila kupeleka umeme popote. Njia ya nyaya ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Mkandarasi wa kwanza, kampuni ya Uhispania, alifilisika, na njiani wenye mashamba walikuwa wanadai fidia ya nyaya kupita kwao. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, na huku nyuma serikali ilikuwa imekwisha kubanwa na mkataba ilipe kwa ucheleweshaji. Halafu Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki za zile ekari 150,000 za mradi hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Kesi hiyo ilipelekwa na wakazi wa Marsabit waliosema ardhi ya jamii ilitolewa wao wasiulizwe. Sasa niambie, katika hayo yote, ni lipi usilolijua? Ardhi iliyokuwa mikononi mwa baraza la kaunti la zamani kwa niaba ya wananchi, utaratibu wa kuitenga, notisi, fidia: haya umeyabishania Mombasa na Kwale mpaka ukachoka.

Na Lamu je? Wewe una watu Amu, unakumbuka hofu ilivyokuwa. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi, karibu na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa leseni ya mazingira mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta. Watu wengi husema makaa yalishindwa kwa moshi wake. Ukiusoma uamuzi utaona msingi wake mkubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya mwanzo ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, na ripoti yenyewe ilipotoka watu hawakupewa nafasi ya kweli kuisoma na kuijibu. Wavuvi na wazee wa Lamu walishinda kwa kushika utaratibu. Kila nikiurudia uamuzi ule napata nguvu ya kufungua faili jingine.

Kitu kimoja kitakuwa kigeni kwako, nacho ukizembea kitakuumiza, kwa hiyo nakiandika kirefu. Ni mahali pa kupeleka kesi. Sheria ya Nishati ya 2019 imelipatia Jopo la Nishati na Petroli mamlaka ya kusikiliza migogoro kati ya mwenye leseni, kama kampuni ya umeme, na mtu mwingine, na rufaa zake huenda Mahakama Kuu. Wakili asiyejua hilo anamchukua mteja aliyeunguliwa na nyumba kwa hitilafu ya nyaya, anafungua kesi kwa hakimu kama ilivyozoeleka, anaita mashahidi. Upande wa pili unasubiri, kisha unainuka na pingamizi kwamba mahakama haina mamlaka. Unakumbuka kule chuo cha sheria Karen tulivyokaririshwa kesi ya meli ya Lillian S ya 1989? Ile nayo ilikuwa kesi ya nishati, Caltex ikidai bei ya mafuta ya meli, na ndiyo mpaka leo inayosomwa mbele ya kila hakimu: bila mamlaka, mahakama haiendi hata hatua moja. Basi kesi inatupwa. Na kwa kuwa madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, mteja akitaka kuanza upya anakuta mlango umefungwa. Nimewaona wajane wakitoka mahakama ya Milimani wameshika bahasha, hawaelewi kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyesema kama wameonewa au la. Kesi yao haikusikilizwa kabisa. Hilo linanikasirisha leo kama lilivyonikasirisha nilipoliona mara ya kwanza. Kwa hiyo faili likikufikia, kabla hujauliza nani alikosa, uliza ni nani wa kusikiliza.

Mambo ya mitambo utafundishwa na mainjinia, nao hupenda kufundisha. Usiwahoji mezani ofisini. Nenda nao chini ya transfoma yenyewe, au kwenye kituo cha umeme, umwambie mmoja wao akuchoree kwenye karatasi umeme unatoka wapi na unakatika wapi. Mchoro huo huo ndio utakaomwongoza akipanda kizimbani, na jaji ataushukuru.

Usuluhishi wa kimataifa nao upo, ambao vijana wa ofisi yako mpya wataota usiku na mchana. Utasikia habari za WalAm, kampuni iliyokuwa na leseni ya jotoardhi ya Suswa tangu 2007. Ilipofutiwa ikaishtaki Kenya huko Washington, na Julai 2020 jopo likaipa Kenya ushindi. Ni kazi nzuri, ina makaratasi mengi na pesa nyingi. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ninachotaka kukwambia hasa ni hiki. Ujuzi wa kesi hizi umekusanyika upande mmoja. Wenye mitambo na wenye mikopo wana mawakili wanaoujua mkataba wa kununua umeme kipengele kwa kipengele. Wanajua kwamba ule wa aina fulani unailazimu nchi kulipia uwezo wa mtambo hata siku umeme wake hauhitajiki, na wanajua kuutetea. Mfugaji wa Suswa au mkulima wa Nyandarua anakuja na wakili mwema asiyewahi kuushika mkataba wa namna hiyo. Sheria ile ile ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawanywe asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo. Nani ni jamii ya eneo? Aliyezaliwa hapo, aliyehamishwa, au aliyenunua juzi? Maswali hayo yatakwenda mahakamani, na nataka siku hiyo awepo mtu kama wewe, anayeijua ardhi ya jamii kwa kuikanyaga.

Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, waulize jambo moja, nao wakujibu kwa maandishi: wateja wao ni akina nani, na je, utaruhusiwa kuwatetea wananchi dhidi ya kampuni zisizo wateja wa ofisi? Ukishaisimamia kampuni ya kuzalisha umeme, jirani zake hutaweza kuwawakilisha tena, kwa kuwa siri zake utakuwa unazo. Ukiwa na wateja wakubwa wachache tu, nusu ya nchi imekutoka mikononi. Wakikataa kabisa, njoo tuzungumze. Katika ofisi yetu kuna meza moja haina mtu, mshahara wake ni mdogo kuliko wa Upper Hill, lakini mafaili ya fidia za nyaya yapo tele na hakuna wa kuyashika.

Nitumie nakala ya mkataba wanaokupa niusome kabla ya Ijumaa. Ukipanda treni ya asubuhi nitakupokea Syokimau.

Wako akupendaye,
Mwanajuma