Chakula ya Meksiko haiko moja

Bwana Muhariri, pokea salamu toka Kadutu.

Juma iliyopita mulitoa ukurasa juu ya chakula ya Meksiko: nyama ya kusaga, fromaji ya manjano, tortiya (ile mkate yao ya bapa sawa chapati) ngumu ya kuvunjika sawa biskuti. Nikasema hapana, hii lazima niandike. Ile ni mapishi ya upande wa Marekani. Mi niliishi Meksiko miaka tatu na famiye yangu, najua.

Tulianzia Hermosillo, jimbo la Sonora, kaskazini. Kule ni inchi kavu, ya ngombe na ngano, na tortiya yao ni ya farini ya ngano. Mama moja pa kona yetu alikuwa anachukua donge dogo, anairusha mkono huu mpaka huu, inapanuka, inapanuka, mpaka inamufunika hadi kiwiko, nyembamba unaona mwangaza ndani. Anaweka nyama ya kuchoma, basi. Nikazoea, nikafikiri njo Meksiko yenyewe hii.

Kiisha bwana yangu akapata kazi Mérida, kule Yucatán, pembe ingine kabisa ya inchi. Siku ya Mungu ya kwanza nikashuka soko nikaomba tortiya ya ngano na nyama ya kuchoma, yule mama muuzaji akanitazama tu, akasema mama, hapa leo tunakula cochinita pibil. Akanipa tortiya ndogo za mahindi, zile mahindi banachemsha na chokaa mbele ya kusaga, na juu yake nyama ya nguruwe nyekundu, laini unakata na kidole. Ile wekundu ni punje za achiote, banasaga na maji ya machungwa ya uchachu. Halafu akafunua sufuria niangalie: majani ya ndizi! Kwa desturi yao nyama inafungwa ndani ya majani, inazikwa kwenye shimo ya moto. Machozi yalinitoka, Bwana Muhariri, maana hivyo hivyo nyanya yangu kule Kabare alikuwa anazika ndizi, majani chini, majani juu, udongo, ziive apate kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Hata UNESCO, ilipoandika mapishi ya kienyeji ya Meksiko kwa urithi wa utamaduni wa wanadamu mwaka 2010, ilitaja mfano wa Michoacán, jimbo na jina lake. Na sisi tunajua hii mambo. Shemeji yangu alitoka Lubumbashi akakuja huku, tukamupa fufu ya muhogo na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, siku tatu anauliza bukari (ugali) ya mahindi iko wapi.

Basi naomba, mukitoa mapishi tena muandike ni ya jimbo gani. Na mukitaka ile ya Mérida nitawapa mwenyewe, majani ya ndizi iko mingi hapa Kadutu, na punje za achiote nilirudi nazo kidogo, nimezifunga kwenye kitambaa.

Mama moja wa Kadutu, Bukavu