Anayeanza asipewe tarjama ya Kiingereza cha kale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba mtu anayetaka kuisoma Qur'ani kwa Kiingereza apewe tarjama kongwe, kwa kuwa Kiingereza cha kale ndicho chenye haiba ya maneno ya Mwenyezi Mungu. Nimefundisha Kiingereza miaka 28 kabla ya kustaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu sana. Hata mimi niliyaamini, mpaka mwaka juzi mkwe wangu aliponirudishia kitabu.

Mkwe wangu huyu, mke wa kijana wangu wa pili, alisilimu akiwa mtu mzima. Kiarabu hajui, Kiswahili chake ni cha salamu, na lugha anayowazia ni Kiingereza. Aliponiomba Qur'ani ya kusoma sikusita. Nilishusha kabatini nakala ya marehemu mume wangu, tarjama ya Abdullah Yusuf Ali, jalada la kijani lililochakaa pembeni, nikampa kwa mikono miwili. Baada ya miezi minne aliirudisha imefungwa katika kitambaa kilekile, naye ameinamisha uso. "Mama, nisamehe," aliniambia. "Najua ni kitabu cha Baba. Lakini kila nikikifungua najiona niko kwenye mtihani wa fasihi. Labda imani yangu bado ni haba."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Binti wa watu ameshindwa na Kiingereza cha mfasiri, naye akadhani ameshindwa na Qur'ani.

Tuangalie hiyo haiba inatoka wapi. Yusuf Ali alichapisha kazi yake kule Lahore kati ya 1934 na 1937. Marmaduke Pickthall, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyesilimu, alimtangulia kidogo, mwaka 1930. Wakati huo Waingereza wengi hawakuwa tena wakiambiana "thou", yaani wewe, wala "ye", yaani nyinyi, katika mazungumzo ya kawaida. Wafasiri hawa waliyachukua maneno hayo kwa makusudi kutoka katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, kwa sababu kwa msomaji wa Kiingereza wa zama zao hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya maandiko matakatifu. Walikuwa na hoja, na siwalaumu. Ila haiba yenyewe ni ya mimbari ya kanisa la Kiingereza, si ya Kiarabu cha Qur'ani. Na Qur'ani yenyewe, katika Surat Ash-Shu'araa, inasema imeteremshwa kwa lugha ya Kiarabu iliyo wazi. Waliokuwa wakiisikia Makka hawakuhitaji kamusi ya maneno yaliyokufa.

Basi nilikusanya tarjama kadhaa, tukakaa mezani jioni baada ya jioni. Nilimwekea sharti moja: asome kwa sauti, na akikwama nisimsaidie, niweke alama tu. Tulianza na Surat Yusuf, kwa sababu ni kisa kimoja tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, aya 111, na mtu akipotea ndani ya kisa utamjua mara moja.

Tulipofika aya ya 18, pale watoto wanapomletea Yaakub kanzu yenye damu ya uongo, akasoma katika Pickthall kwamba njia yake ni "comely patience". Akasimama. Hilo neno "comely" aliwahi kuliona likisemwa juu ya msichana mwenye sura nzuri, basi. Katika Kiarabu ni sabrun jamil, maneno mawili ambayo Mswahili anayatamka bila jasho: subira njema. Tukaenda kwa M. A. S. Abdel Haleem, Mmisri aliyehifadhi Qur'ani tangu utotoni na kufundisha chuo kikuu London, ambaye tarjama yake ilitoka Oxford mwaka 2004. Yeye amemfanya Yaakub aseme kwamba ni bora kusubiri. Mkwe wangu alielewa papo hapo, akaendelea. Mimi nikabaki nyuma kidogo, maana ule uzuri, ule wema wa subira, umeponyoka. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mama, angalau sasa najua kuna kitu cha kuuliza."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Msomaji aliyekwama haulizi kitu, anafunga kitabu.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi ni lile neno muttaqin katika aya ya pili ya Al-Baqara. Sisi tuna bahati, tunasema wachamungu na neno linabeba hofu na mapenzi kwa pamoja. Kiingereza hakina neno kama hilo. Pickthall aliandika watu "who ward off", kisha akaongeza uovu ndani ya mabano. Mkwe wangu akauliza wanaukinga uovu gani, na kwa ngao ipi. Yusuf Ali anasema wanaomwogopa Mungu, na hapo uoga umezidi. Saheeh International, tarjama ya wanawake watatu wa Kimarekani waliosilimu, iliyotoka Jeddah mwaka 1997, inasema "conscious of Allah", wenye kumtambua Mwenyezi Mungu. Abdel Haleem anasema "mindful of God", wenye kumzingatia Mungu. Hakuna hata moja inayotosha. Lakini hizi mbili za mwisho zinamfikisha msomaji mahali pa kuanzia, na ukisoma juzuu nzima neno hilo linarudi mara nyingi kiasi kwamba linajifafanua lenyewe.

Sasa nikiri deni langu kwa Kiingereza cha kale, maana mpinzani wangu ana haki yake. Kiarabu hutenganisha wewe na nyinyi, kama tunavyofanya sisi. Kiingereza cha leo kina "you" tu. Surat At-Talaq inaanza kwa kumwita Nabii peke yake, halafu ghafla kitenzi kinageuka kuwa cha wengi: mtakapowapa wanawake talaka. Pickthall, kwa sababu ana "ye", ameukamata mgeuko huo. Ukisoma tarjama ya kisasa isiyo makini utadhani aya inamsema Mtume mwenyewe. Abdel Haleem ameliona shimo hilo, akaandika "when any of you", yaani yeyote kati yenu. Surat Ar-Rahman nayo ina ule mwito unaorudiwa mara 31, ambao katika Kiarabu unaelekezwa kwa wawili, majini na watu. Hapo hata "ye" haisaidii, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na umbo la wawili hata wakati wa Mfalme James. Abdel Haleem na Mustafa Khattab, mwenye tarjama iitwayo The Clear Quran, wote wameongeza "both", yaani nyote wawili, na kazi imekwisha. Kwa hiyo kinachopotea kwa kuacha "thou" na "ye" kinaweza kurudishwa na mfasiri anayejua anachokifanya.

Kuhusu mabano nina neno kali kidogo. Ipo tarjama ya Hilali na Khan ambayo imesambazwa mno duniani, mara nyingi bure, na kwa wengi ndiyo ya kwanza kuingia mkononi. Watu wale walikuwa wasomi. Lakini fungua Al-Fatiha, aya ya mwisho: ndani ya mabano wametajwa Mayahudi na Wakristo, ambao hawamo katika maneno ya Kiarabu. Najua tafsiri hiyo ina asili yake, imo katika hadithi iliyopokewa kwa Adiy bin Hatim na kunakiliwa na Tirmidhi. Mahali pake ni kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Kwa msomaji mgeni mabano hayaonekani; akisoma kwa sauti anayameza yote, na neno la mfasiri linasikika kama neno la Mola. Mkwe wangu ana mama Mkristo anayempenda, anayemwombea kila siku. Nilimwona usoni aliposoma mstari ule. Nikamwandikia Kiarabu chake kwenye karatasi, neno kwa neno, tukayahesabu yaliyomo na yasiyokuwemo.

Saheeh International nayo ina mabano, ila yake mengi ni ya kuziba pengo la sarufi, na ni tarjama ninayoitumia kila siku kwa sababu inakaa karibu na Kiarabu. Kwa kusoma kurasa thelathini mfululizo inachosha. Kwa kukagua aya moja, ni rafiki mzuri.

Nataja kwa haraka mtego mwingine. Tarjama za zamani ambazo muda wa hakimiliki umekwisha huchapwa na yeyote kwa jalada jipya linalong'aa, bila kueleza ndani ni ya nani. Unaweza kununua kitabu kinachoonekana cha mwaka huu, kumbe ni cha George Sale wa 1734, au cha kasisi J. M. Rodwell wa 1861, aliyepanga sura upya kwa namna alivyodhani ziliteremka, kitabu chake kikaanza na Al-Alaq. Mtu wa kuanza akitafuta Al-Baqara ukurasa wa pili hataiona. Kabla ya kununua, tafuta jina la mfasiri na mwaka wa kwanza wa kuchapwa. Ukikosa jina, rudisha kitabu rafuni. Na hata Yusuf Ali, angalia ni toleo gani: baada ya yeye kufariki mwaka 1953 wengine waliihariri kazi yake, "God" wakaigeuza "Allah" na baadhi ya tanbihi wakazibadili.

Sisemi mfasiri asiye Mwislamu asiguswe. A. J. Arberry, aliyetoa yake mwaka 1955, hakuwa Mwislamu, na sijaona Kiingereza kinachokaribia mwendo wa sura fupi za Makka kuliko chake. Hata jina alilokipa kitabu ni la adabu, hakudai kuwa amefasiri Qur'ani, alisema ameifafanua. Shida yake ni ya kawaida kabisa: ameweka namba kila baada ya aya tano, tena kwa hesabu ya zamani ya Ulaya isiyolingana na misahafu yetu, hivyo darasani mtafutane mpaka mchoke. Muhammad Asad, wa 1980, nampenda kwa maelezo yake marefu, lakini simpi mtu wa kuanza. Miujiza mingine anaielekeza kwenye mafumbo. Juu ya Ibrahim na moto anasema Qur'ani haikutamka kwamba alitupwa kweli ndani yake. Msomaji ajue kwanza wengi wanasemaje, ndipo akutane na Asad.

Kwa hiyo msimamo wangu, ndugu mhariri, ni huu, nao ni wa mwalimu, sijidai kuwa mwanachuoni. Anayeanza apewe Abdel Haleem. Kiingereza chake ni cha leo bila kuwa cha mtaani, amekipanga kwa mafungu ya nathari inayotiririka badala ya kukatakata kila aya mstari wake, mabano ni machache, na utangulizi wake unaeleza kwa nini msemaji hubadilika ghafla kutoka Yeye kwenda Sisi, jambo ambalo huwatatiza wageni wote. Pembeni awe na Saheeh International ya kukagulia. Na kama amezoea kumwita Mungu "God" tangu utoto, asilazimishwe kubadili ulimi kwenye ukurasa wa kwanza. Atafika.

Pickthall mwenyewe aliandika katika dibaji yake kwamba Qur'ani haiwezi kufasiriwa, na alichotoa ni jaribio la kufikisha maana tu. Sala tutasali kwa Kiarabu. Ndiyo maana sioni sababu ya kuifanya tarjama ijifiche nyuma ya lugha ngumu ili ionekane takatifu. Utakatifu uko kule upande wa kulia wa ukurasa. Upande wa kushoto unatakiwa ueleweke.

Mkwe wangu alimaliza Surat Yusuf kwa jioni tatu. Tangu hapo huwa nasoma Kiarabu yeye akifuatisha kwa kidole upande wa Kiingereza, na nikimaliza aya ananiambia alichoelewa kabla sijamwambia ninachojua. Mwezi uliopita tulifika Al-Kahf, akaniomba tena kile kitabu cha kijani. Alikuwa amesikia kwamba Yusuf Ali aliandika zaidi ya tanbihi 6,000, na kwamba juu ya Dhul-Qarnayn, mfalme anayesimuliwa katika sura hiyo, ana kiambatisho kizima. Nimempa.

Wako,
Mwalimu mstaafu