Udumavu Iringa si uzembe wa akina mama

Mhariri,

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, ilhali mkoa huo, pamoja na jirani zake Njombe na Mbeya, hulisha nchi mahindi, viazi na maharage. Takwimu hizo zikitajwa, semina hufuata, na mama (baba kwa kawaida haalikwi) huelezwa ubaya wa uji mtupu. Ushauri ni sahihi, lakini mama anayeondoka alfajiri kwenda kuchuma chai Mufindi, akimwacha mtoto kwa dada ambaye naye ni mtoto, amekosa muda na mahali pa kumwacha mwanawe kuliko alivyokosa elimu.

Rovu, yaani uvimbe wa shingo unaotokana na upungufu wa madini joto, lililozoeleka sana Nyanda za Juu Kusini, halikupungua kwa kuwakemea wagonjwa bali kwa kuwalazimu wazalishaji kutia madini joto katika chumvi. Unga unaosagwa kwenye mashine ndogo za vijijini, kwa sehemu kubwa, bado hauongezwi virutubishi. Halmashauri zianzie hapo, na waajiri wa mashambani watakiwe kuweka vituo vya kulelea watoto.

Msomaji,
Mafinga