Sensa ya usiku mmoja haitatosha huku kaskazini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee hizi hesabu za sensa za kaskazini mwa Kenya, manake kila mtu anaziongelea lakini sana sana ni wanasiasa na mawakili, na sisi wenye kuhesabiwa tunabaki kusikia tu kwa redio eti tumekuwa wengi, mara tumepungua, mara korti imefuta.

Chukua Mandera peke yake. Sensa ya 1999 ilisema kuna watu 250,372. Ya 2009 ikasema 1,025,756, yani miaka kumi watu wamekuwa mara nne. Ya 2019 ikasema 867,457, kwa hivyo kuna watu zaidi ya laki moja na nusu hawaonekani na hakuna ofisa yeyote ametuambia walienda wapi. Sasa hata mtu ambaye aliacha shule darasa la sita anaweza kuona hapa kuna shida. Ni kweli kina mama wa Mandera wanazaa, ile ripoti ya afya ya 2022 ilisema wastani ni watoto 7.7 kwa kila mama wakati nchi nzima ni 3.4, lakini hata ukisema watu waongezeke asilimia 4 kila mwaka, ambayo tayari ni nyingi sana, zile 250,000 zinafika kama 370,000 hivi baada ya miaka kumi. Hazifiki milioni. Mimi maoni yangu ni kwamba ile ya 1999 ilikuwa chini na ile ya 2009 ilikuwa juu, zote mbili hazikuwa sawa, na huo ukweli wa katikati ndio hakuna mtu anataka kusikia kwa sababu haumsaidii mtu kushinda kesi.

Na kesi ndizo tumezoea. Agosti 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alisimama akafuta matokeo ya wilaya nane, tatu za Turkana, tatu za Mandera, pamoja na Lagdera na Wajir Mashariki, akisema idadi imepanda kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kuruhusu, na familia zimekuwa kubwa ghafla bila nyumba kuongezeka. 2012 Mahakama Kuu ikasema waziri hana mamlaka ya kufuta. Tukahesabiwa tena 2019, mara hii kwa tableti, tukaambiwa sasa teknolojia imemaliza ubishi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikatupa matokeo ya hiyo 2019 kwa Mandera, Wajir na Garissa ikaagiza watu wahesabiwe upya. Kwa hivyo sensa mbili zimefuatana na zote zimeishia mbele ya jaji.

Kwa nini hatupigani hivi juu ya takwimu za mvua ama za chanjo? Ni pesa. Fomyula ya kwanza ya kugawa pesa za kaunti ilipea idadi ya watu asilimia 45. Ilipofika 2020 Seneti ikakwama miezi na miezi, kila kikao wanaahirisha, upande mmoja unasema mtu mmoja kura moja shilingi moja, upande wetu unasema barabara ya Wajir haijengwi kwa idadi ya watu inajengwa kwa kilomita, mpaka Septemba wakaelewana na idadi ya watu ikashuka hadi asilimia 18, halafu afya, kilimo, umaskini, ukubwa wa ardhi na barabara vikapewa fungu lao. Ongeza viti vya ubunge hapo, manake mipaka ya maeneo bunge inachorwa kwa hesabu hizo hizo, na tarehe ya mwisho ya kupitia ile mipaka ilikuwa Machi 2024 ikapita hivi hivi. Ukifunga pesa na viti vyote kwa hesabu ya usiku mmoja, utapata watu wa kuijaza. Na hapa nisiwaonee watu wa Nairobi peke yao: viongozi wetu wenyewe 2019 walikuwa wanaambia watu wapande basi warudi nyumbani wakahesabiwe kule, mtu anaishi Eastleigh, Nairobi, na watoto wanasoma Eastleigh lakini usiku huo anatakiwa awe amelala kijijini.

Lakini kuna upande mwingine ambao wale wa huko chini hawauelewi. Mzee wa huku akiona kijana wa serikali amekuja na fomu anauliza umetoka wapi, baba yako ni nani, haoni sensa. Anaona 1989, wakati Wakenya Wasomali walipangwa foleni wakaguliwe kama ni Wakenya kweli, wakapewa kadi ya pinki juu ya kitambulisho ambacho wenzao walikuwa nacho bila maswali. Sheria ya hali ya hatari huku ilikaa mpaka 1991. Na ile sera ya 1965, Sessional Paper namba 10, ilikuwa imesema wazi pesa za maendeleo ziende pale ambapo zitarudisha faida haraka, yani kwenye mvua na reli, na sisi hatukuwa na mojawapo. Kwa hivyo huku kuna wale wanaojificha wasihesabiwe na kuna wale wanaotaka kuhesabiwa mara mbili, na wakati mwingine ni nyumba moja.

Halafu ile tarehe yenyewe, usiku wa 24 Agosti. Sijui nani aliichagua lakini hakuwa mfugaji. Agosti huku ni kiangazi kikali, nyumba imegawanyika. Mama na wazee na watoto wadogo wako manyatta karibu na kisima na mbuzi wachache wa maziwa, vijana wako fora, yani kambi ya malisho ya mbali, na ngamia, na fora inaweza kuwa mwendo wa siku kadhaa, pengine wamevuka kaunti, pengine wamevuka hadi Ethiopia kufuata nyasi. Mpwa wangu alikuwa karani wa sensa 2019 upande wa Laisamis. Tableti ilikuwa inauliza nani alilala hapa usiku ule. Mama mmoja akamjibu ana vijana wanne, hawajalala hapa, wako fora. Sasa andika nini? Sheria ni wahesabiwe pale walipolala, lakini pale walipolala hakuna karani aliyefika, hakuna barabara na hakuna mtandao. Akimwacha mama bila vijana, hao wanne wamepotea kwenye hesabu ya Kenya. Akiwaandika hapo na karani mwingine awapate huko mbele, wamekuwa wanane. Alimaliza namna alivyomaliza na mimi sikumuuliza. Zidisha hiyo manyatta moja kwa Marsabit nzima, Turkana nzima, Wajir nzima, halafu uniambie ile tarakimu ya mwisho kwenye 459,785 ya Marsabit inamaanisha nini.

Nimeongea watu, wacha niongee mali, hapo ndio mimi nina uchungu kidogo manake ndio kazi yangu. Mimi nanunua mbuzi soko la Merille napeleka Kiamaiko, Nairobi. Mbuzi huyo amezaliwa huku, amekula majani ya huku, amenyweshwa maji ya kisima ambacho vijana wanashuka kuyachota kwa ndoo wakipokezana mkono kwa mkono, lakini akishachinjwa Kiamaiko ile thamani ya kuchinja na nyama na ngozi inahesabiwa ni uchumi wa Nairobi. Shirika la takwimu la KNBS lilipotoa kwa mara ya kwanza hesabu ya uchumi wa kila kaunti mwaka 2019, Isiolo ilikuwa ya mwisho kabisa na asilimia 0.2 ya pato la nchi. Mimi naishi Isiolo. Nenda stendi ya mabasi asubuhi uone kina mama wanapakia maziwa ya ngamia kwa vile vibuyu vya plastiki vya njano, vinapangwa kwa buti na juu ya keria mpaka basi linainama, mchana hayo maziwa yashanywewa Eastleigh. Hakuna risiti hapo, ni M-Pesa na kuaminiana. Na yale yanayonywewa nyumbani, ambayo ndio mengi, hata M-Pesa hayaijui.

Hii si maneno yangu tu ya sokoni. Mwaka 2011 watafiti wawili waliofanya kazi chini ya IGAD, ile jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, Roy Behnke na David Muthami, walirudia hesabu wakaona mchango wa mifugo kwa uchumi wa Kenya mwaka 2009 ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyokuwa kwenye vitabu vya serikali, na kitu kikubwa zaidi kwenye hiyo hesabu kilikuwa ni maziwa. Ni 2009 ndio sensa ilihesabu mifugo kwa mara ya kwanza, tukapata ngamia karibu milioni 3 nchi nzima. Na hata hiyo naishuku. Kumuuliza Mgabra ama Msomali una ngamia wangapi ni kama kumuuliza mtu wa Westlands una pesa ngapi benki, atakujibu lakini hatakujibu. Kwa masoko ya ngamia ya Wasomali hata bei haisemwi kwa mdomo, dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa wanaongea kwa vidole, mimi nimesimama hatua moja kutoka kwao na sikujua imeuzwa ngapi. Sasa wewe na fomu yako utajua?

Kwa upande mwingine kuna vitu vinahesabiwa kwetu na si vyetu. Ule umeme wa upepo wa Loiyangalani, megawati 310, mitambo 365, ukiingia kwenye hesabu utafanya Marsabit ionekane imepanda, lakini waya unatoka hapo unaenda zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Mfugaji aliye chini ya ule mtambo bado anatumia tochi.

Watu wakisikia hivi wanasema basi kaskazini haipimiki, ni mbali, watu wanahama. Hapana. Inapimika na tayari inapimwa, ni vile tu hakuna mtu anayesoma. Mamlaka ya ukame, NDMA, inatoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame. Humo utapata bei ya mbuzi, bei ya mahindi, kilomita mifugo wanatembea kufika majini, maziwa yanayopatikana nyumbani, na watoto wamepimwa mkono kama wamekonda. Na kuna kipimo kimoja humo mimi nakiheshimu kuliko pato la taifa: ukiuza mbuzi mmoja leo unapata kilo ngapi za mahindi. Ule ukame wa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022, uliua mifugo zaidi ya milioni 2, na sisi wafanyabiashara tuliuona mapema kwa hicho kipimo, mbuzi anashuka mahindi yanapanda, kabla gari la runinga halijafika kupiga picha mizoga. Tena tangu 2010 Marsabit kuna bima ya mifugo ambayo setilaiti inaangalia ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mzoga hata mmoja. Kama setilaiti inaweza kuaminika kulipa pesa, kwa nini isiaminike kusaidia kuhesabu maboma?

Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Turkana, pia ilitushangaza. Miaka yote inaandikwa kama mzigo, kambi ya kulishwa, halafu 2018 wale wa IFC wa Benki ya Dunia wakaenda kuiangalia kama soko, wakapata biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya kama dola milioni 56 kwa mwaka. Hizo pesa hazikuanza siku ile ya utafiti, zilikuwa hapo.

Kwa hivyo ombi langu kwa KNBS na kaunti zetu ni hili. Msingoje sensa ya 2029 mje tena na tableti usiku mmoja wa Agosti. Kuna vitabu vya ushuru wa soko, kila mbuzi anayepita Merille analipiwa. Kuna vibali vya daktari wa mifugo, lori haliondoki bila hicho karatasi na idadi imeandikwa. Kuna rejista za shule, kuna kadi za chanjo za watoto. Unganisheni hivi vyote mtoe kwa kila wadi, kila miezi mitatu, hadharani, hata kama si kamili, ili sensa ikija na kusema wadi fulani imekuwa mara nne mtu aulize mbona watoto wa chanjo hawajaongezeka. Na wafugaji wahesabiwe kisimani, kwa msimu ambao familia iko pamoja, karani awe mtu anayejua lugha na anayejua kisima ni cha ukoo gani, kwa sababu ngamia anaweza kukosa manyatta wiki mbili lakini kisimani lazima afike. Hapo utamkuta na mwenyewe.

Kwa viongozi wetu pia, tafadhali mkienda kortini mtetee hesabu ya Mandera muende na ile ya Turkana pia, ambayo kwa miaka kumi iliongezeka kutoka 855,399 hadi 926,976 tu, asilimia 8, kwenye kaunti ambayo takwimu za serikali yenyewe za 2022 zilisema watu 82.7 kwa kila mia ni maskini. Hiyo sijasikia wakili yeyote akiililia.

Mfanyabiashara wa mbuzi,
Isiolo