Nati za magurudumu zimaliziwe kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenye magari wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na wengi wetu wenye mashamba ya viazi hulazimika kuvua matairi ya lami na kufunga yale yenye meno makubwa ya kukabili matope.

Binafsi hufanya kazi hiyo nyumbani, hapa Uyole, kwa kuwa ninazo rimu za akiba zenye matairi hayo tayari. Mwenye seti moja tu ya rimu aende gereji, kwani kuchokonoa tairi kwa mtarimbo huharibu ukingo wake, na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, haifanyiki uani.

Kero yangu ni ile mashine ya upepo ya kukazia nati. Mwaka jana fundi mmoja alizikaza zangu kiasi kwamba nilipopata pancha njia ya Tukuyu nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, mvua ikininyeshea, na nati haikusogea hata kidogo. Mwishowe ilikatika bolti. Nyumbani nazikaza kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, nazirudia gari likishashushwa chini, kisha tena baada ya kilomita 50 hivi. Jiwe nyuma ya gurudumu silisahau, maana ua wangu una mteremko.

Nawaomba mafundi waitumie mashine kufungulia, lakini kumalizia kukaza wafanye kwa spana ya mkono, mwenye gari akishuhudia.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya